UZI: Wiki moja ya baiskeli milimani. Sisi wa Kigoma twende Lushoto, Kivu, Kilimanjaro au tupande Buha?

Mwanga Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Hapa Kigoma mjini tuko wanne tunaoendesha baiskeli za gia, na mwezi wa saba likizo zetu zimeangukia wiki moja. Tumekubaliana hela yote ya likizo iende milimani. Ufukwe tunao mlangoni, hatuna haja ya kuufuata mbali. Tunataka wiki ya kupanda na kushuka, kulala vijijini, kuamka na baridi na kuendelea. Tulipofika kwenye swali la wapi, kila mmoja akavuta kwake, ndiyo maana nimeleta uzi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mnipinge vizuri. Wengi wakitafuta mlima wa kwenda na baiskeli wanaanza na jina au urefu. Mimi naanza na njia. Njia nzuri za baiskeli milimani zimekanyagwa na watu wanaokwenda shambani, sokoni, shuleni na kisimani kila siku. Pale ambapo watu wamejenga mpaka mgongoni mwa mlima ndipo utakuta vijia vya kila aina, maji, chai ya asubuhi, na mtu wa kukuelekeza pa kukatia. Mlima wenye msitu mtupu unapendeza kwa mtu wa miguu. Ukiwa na baiskeli, nusu ya safari utaisukuma na nusu utaibeba.

Kwa kipimo hicho natoa hifadhi za sokwe, Gombe na Mahale, kabisa, maana kila tunayemwambia "milimani" anatutajia hizo. Mahale ina kilomita za mraba 1,613 na kilele chake, Nkungwe, kina mita 2,462, lakini ndani hakuna barabara. Unafika kwa boti au ndege ndogo, ukishafika ni miguu yako na mwongozaji. Gombe nayo unaifikia kwa boti na kuitembelea kwa miguu. Na ni haki iwe hivyo. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu ya kifua, kwa hiyo kuwasogelea kuna masharti, na baiskeli kwenye vile vijia haina nafasi. Tukazione siku nyingine bila magurudumu.

Tumebaki na manne: Usambara (Lushoto mpaka Mtae), ziwa Kivu upande wa Rwanda, Kilimanjaro, na kwetu hapa, milima ya Buha kuanzia Kalinzi kwenda Manyovu na Kasulu. Mwenzetu mmoja anasema kwenda Buha sio likizo, ni kwenda kusalimia ndugu. Nataka nisikie kutoka kwa waliokanyaga huko.

Mshambaa wa Mtae

Mkuu, karibuni Usambara, na kwa kipimo chako hakuna wa kutushinda. Huku watu wanalima mpaka ukingoni mwa genge.

Ushauri wangu: msipandishe baiskeli kwenye basi mpaka Lushoto. Shukeni Mombo, lalieni pale, alfajiri muanze kupanda. Ni kama kilomita 33 za lami mpaka Lushoto na mnapanda karibu mita 1,000. Ukigawa utaona mwinuko wa wastani ni mdogo, kama asilimia 3, lakini haupumziki, na kona ni nyingi. Soni mnapumzika, mnaangalia maporomoko, mnakula. Lushoto iko kama mita 1,400, jua la Mombo mnalisahau.

Siku inayofuata ndiyo penyewe. Lushoto, Magamba, Lukozi kwenye mboga, halafu mgongo wa mlima mpaka Mtae. Vumbi, mawe, misonobari, kabichi mpaka upeo wa macho. Mkifika Mtae mnasimama ukingoni na tambarare za Mkomazi ziko chini yenu. Msitu wa Magamba ni hifadhi, una ada ya kiingilio, ulizeni Lushoto kabla ya kuingia na baiskeli.

Mwezi wa saba kuna ukungu mzito asubuhi. Lete koti la maana na taa nyekundu ya nyuma, kwa sababu malori ya mboga yanashuka humo humo kwenye ukungu.

Mwanga Juu

Asante sana mkuu, umeandika kama mtu anayetoka kwenye baiskeli sasa hivi. Moyo unanituma kuja. Kinachonizuia ni ramani ya nchi: kutoka Kigoma mpaka Mombo tunavuka karibu Tanzania nzima. Kwa treni au basi, na kupumzika kidogo njiani, ni kama siku mbili kwenda na mbili kurudi. Wiki inabaki siku tatu za kuendesha. Mtu wa Dar, Tanga au Arusha akisoma uzi huu, Lushoto ndiyo jibu lake, asitafute zaidi. Na sisi siku tukipata likizo ndefu tutakuja.

Mkazi wa Moshi

Kilimanjaro inawezekana. Wengi hawajui kwamba kuna njia ya Kilema ambayo hifadhi imeiruhusu kwa baiskeli. Lakini naomba mzingatie mambo mawili.

Kwanza ile ni hifadhi ya taifa: kiingilio, mwongozaji, wapagazi, malazi, vyote vinalipiwa kwa siku. Mwananchi analipa nafuu kuliko mgeni, bado inajumlika. Pili ni hewa. Nyinyi mnaishi kando ya Tanganyika, kwenye mita 770 na kitu. Kambi ya Horombo, huko juu mlimani, ni mita 3,720, na huko hewa imepungua kama theluthi moja ukilinganisha na usawa wa bahari. Ugonjwa wa mwinuko huweza kuanza kuanzia mita 2,500: kichwa kinauma, tumbo linakataa chakula, usingizi hauji. Mwenye baiskeli anatumia nguvu kuliko anayetembea pole pole, kwa hiyo unampata mapema. Mtu akianza kuyumba au kuongea ovyo, ashushwe saa ile ile, hata kama ni usiku.

Kwa wiki moja ningewashauri mbaki chini ya lango: Marangu, Kilema, Machame, Materuni. Vihamba vya ndizi na kahawa, mifereji, vijia vinavyopanda na kushuka kutwa nzima. Hiyo ndiyo milima yenye watu anayoisema mleta uzi.

Mwalimu wa Kasulu

Nachangia kuhusu Kivu kwa sababu nimeiendesha.

Njia yenyewe inaitwa Congo Nile Trail. Inaanza Rubavu kaskazini, inapita Rutsiro, Karongi na Nyamasheke, inaishia Rusizi kusini, jumla kilomita 227. Wengi wa baiskeli wanaigawa siku tano. Ziwa lenyewe liko mita 1,460, na njia haitulii hata kidogo: unashuka mpaka majini, unapanda mpaka kwenye kahawa, unashuka tena. Ukijumlisha mita za kupanda kwa siku, mapaja yanajua. Siku hizi kuna barabara ya lami inayofuata ziwa, kwa hiyo chagueni kabla: ukijisahau unajikuta uko kwenye lami muda mrefu na vile vijia vya udongo vimekupita kushoto na kulia. Wenyeji wataonyesha.

Kwenda: Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, kisha Rusumo, mnavuka, Kigali, Rubavu. Pasipoti ni lazima, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mfukoni. Mifuko ya plastiki Rwanda wameipiga marufuku tangu 2008, kwa hiyo baiskeli mkizifunga kwa safari tumieni magunia au maboksi.

Kitu ambacho hakisemwi vya kutosha: Rwanda wanaendesha upande wa kulia. Kwenye gari unazoea haraka. Kwenye baiskeli, ukishuka kwa kasi na kona imefungwa, mwili unakimbilia kushoto wenyewe. Zungukeni kwanza mtaa tulivu kabla ya kuingia mteremkoni.

Kuhusu mazungumzo msihofu. Mwenzenu akijua Kiha atasikilizana na Mnyarwanda bila shida kubwa, na Kiswahili nacho ni lugha rasmi kule tangu 2017. Nchi yenyewe imeshazoea baiskeli. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Ukipita na helmeti watoto wanakukimbiza wakishangilia.

Mwanga Juu

Mwalimu, shikamoo. Swali: kwa mtu ambaye hajawahi kukaa siku nyingi mfululizo kwenye baiskeli milimani, Kivu ni pa kuanzia?

Mwalimu wa Kasulu

Marahaba. Kwa maoni yangu hapana. Ni pa kwenda ukiwa umeshajua mambo matatu: mwili wako unapanda mita ngapi kwa siku na kesho yake ukaamka, breki zako zinavumilia mteremko wa namna gani, na wenzako wanapatana namna gani wakiwa wamechoka na njaa. Vitu hivyo kajifunzie mahali ambapo ukishindwa unapanda basi na jioni uko nyumbani.

Na mahali penyewe mnapo. Huyo mwenzenu anayesema Buha ni kusalimia ndugu, mwambieni apande kutoka Mwandiga mpaka Kalinzi bila kushuka kwenye baiskeli, halafu arudie sentensi yake.

Binti Kalinzi

Nimefurahi kuona kwetu kumetajwa. Jamani, mnapita kila siku na gari mkienda Manyovu, mmefunga vioo, mnajua nini kuhusu Kalinzi?

Nyinyi mko mita 770, huku tumeshapita 1,500. Kwa kawaida kila mita 1,000 za kupanda zinapunguza joto kama nyuzi 6, kwa hiyo mwezi wa saba usiku tunalala na blanketi nzito. Kahawa, migomba, maharage, vilima vinafuatana mpaka Burundi. Ukiiacha lami upande wowote unakutana na njia nyekundu zinazopanda kwenye matuta, na kuna mahali ukigeuka nyuma unaona ziwa lote na milima ya Kongo ng'ambo. Hakuna aliyeweka kibao. Mimi nilikuwa nikipita hapo kwenda shule.

Sasa naomba niseme jambo kwa niaba ya tunaoishi kwenye hizo njia. Kijia cha mlimani hakina upana wa watu wawili. Mama anayeshuka na mzigo wa kuni kichwani hawezi kuruka pembeni, akiruka anaanguka na mzigo. Wewe ndiye wa kusimama, ushuke, uiegemeze baiskeli upande wa bondeni, umwamkie, apite. Mwenye baiskeli ya ndizi hivyo hivyo: anashuka na mikungu pande zote mbili na breki yake ni kandambili. Mkisikia filimbi au kelele mbele, ondokeni njiani haraka. Saa za watoto kutoka shule punguzeni mwendo mpaka wa kutembea. Mkifanya hivyo siku ya kwanza, siku ya pili kijiji kizima kitawaelekeza njia.

Na dada zangu mnaoendesha, kanga moja kwenye begi inatosha. Mkishuka kijijini mnajifunga juu ya bukta, mnakaa na watu vizuri.

Fundi wa Kibirizi

Mmeongea mengi ila hakuna aliyeuliza baiskeli zenyewe zikoje. Mlima unachaguliwa pamoja na breki.

Kama baiskeli ina breki za mpira zinazobana rimu, sahau miteremko mirefu. Rimu inapata moto, tyubu inapasuka ukiwa katikati ya kona. Diski za waya zinatosha kwa Buha ukizikaza kila asubuhi. Diski za mafuta ni nzuri zaidi, lakini mjue mafuta yake ni ya aina mbili, yale ya madini na yale ya DOT (kama ya breki za gari), na hayachanganywi wala kubadilishana. Ukiweka yasiyo yake, mipira ya ndani inaharibika na breki inakufa. Vijijini hutayapata. Pedi za akiba ni lazima kwa kila mtu, nazo ni za muundo tofauti tofauti, usitegemee za mwenzio zitaingia.

Mkishuka msishike breki moja kwa moja mpaka chini. Shika kwa nguvu, punguza, achia ipoe, shika tena. Ukisikia harufu ya kuungua, simama. Na diski ikitoka mteremkoni usiiguse kwa kidole.

Gia: mbele meno madogo, nyuma meno makubwa, hakikisheni cheni inafika huko bila kuruka kabla ya kuondoka mjini. Shokapu ya mbele inatosha, ya nyuma si lazima kwa njia za Buha, tena ni mzigo kwenye kupanda. Tairi ziwe na meno na upana wa inchi 2.2 au zaidi, upepo usijae sana. Bebeni ile ndoano ndogo inayoshikilia derela la nyuma, yaani kile kifaa kinachohamisha cheni kwenye gia. Ni kipande cha alumini, baiskeli ikianguka upande wa kulia kinapinda au kukatika, na kila fremu ina chake. Hiyo sina hapa na Kasulu hamtaipata.

Mnyamwezi wa Gongoni

Nasoma nikiwa Tabora. Nami nataka kujiunga kama mtaniruhusu, ila Tabora ni tambarare, tuko kama mita 1,200 lakini vilima hatuna, ni miombo na mchanga. Najiandaaje? Na baiskeli naileta kwa treni?

Mwalimu wa Kasulu

Mchanga ni mwalimu mzuri, unafundisha kukanyaga kwa mzunguko bila kushtua. Kwa kupanda, tafuta upepo wa mbele, weka gia nzito kidogo, kaa kwenye siti, kanyaga nusu saa bila kupumzika. Fanya hivyo mara mbili au tatu kwa wiki, na siku moja endesha masaa mengi na begi likiwa na uzito utakaoubeba. Mita 1,200 haitakusumbua kwa hewa ya Kalinzi.

Treni ni sawa, baiskeli inakatiwa kama mzigo. Fika stesheni mapema, geuza usukani ulale sambamba na fremu, toa kanyagio, funga derela kwa kitambaa. Kanyagio la kushoto linafunguka kinyume na la kulia, wengi wanavunja spana hapo.

Mwanga Juu

Wakuu, tumekaa leo sisi wanne na uzi huu mbele yetu, na tumeamua Buha. Hata aliyekuwa anapinga amekubali, dada wa Kalinzi ndiye aliyemmaliza.

Njia tuliyochora: Kigoma, Mwandiga, tunapanda Kalinzi na kulala. Kesho yake hatuendi mbele, tunazunguka vijia vya Kalinzi na Matyazo bila mizigo. Hilo nimelipigania, kwa sababu likizo ya kukusanya kilomita tu siitaki. Nataka siku nzima ya kupanda na kushuka kilima kimoja kwa njia tofauti. Baada ya hapo Manyovu, tunageuka Buhigwe, Heru Juu, ambako nataka tukae kidogo kwa sababu ndipo palipokuwa makao ya watawala wa Heru na wengi wetu tumepasikia tu kwa wazee, kisha Kasulu. Kutoka Kasulu tunashuka kwa Kidahwe mpaka ziwani. Kwenye ramani ya OpenTopoMap tumehesabu mistari ya mwinuko kila siku na tumeweka kikomo cha mita 800 za kupanda. Kuzidi hapo, ukiwa na mizigo, jioni hakuna anayeongea na mwenzake.

Tumechagua mwezi wa saba kwa sababu mvua zimeshakatika. Udongo wa Buha ukilowa unashika tairi mpaka gurudumu haligeuki, na ukingoja Septemba unakutana na vumbi na moshi wa kuchoma mashamba, hata ng'ambo ya ziwa huioni.

Jambo moja kwa wote wanaokuja: kitambulisho cha NIDA kisiachwe. Tunaendesha mpakani, kuulizwa ni kawaida, na kila kijiji tutakacholala tunaanza kwa mwenyekiti au mtendaji kabla ya kufungua begi. Hatukatizi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule kuingia ni kwa kibali.

Mzee wa Gongoni, karibu sana, nafasi ipo. Nitumie ujumbe useme gurudumu lako ni inchi 26 au 29 ili tyubu za akiba tununue zinazolingana.

Mnyamwezi wa Gongoni

29. Breki za diski, za waya. Nimeshaanza na upepo wa mbele.

Fundi wa Kibirizi

Leteni zote kwangu wiki moja kabla, sio jioni ya kuamkia safari. Nataka nizikague nikiwa na muda wa kuagiza pedi Dar.

Binti Kalinzi

Mkifika niambieni. Kuna njia inayoanzia nyuma ya migomba yetu inashuka mpaka mtoni na kupanda upande wa pili, hiyo haipo kwenye ramani yenu.